Mkono wa Kufungua Shamba

Katika boma la marehemu Mzee Sikuku, nje kidogo ya Chekalini, hakuna aliyeruhusiwa kutia mbegu ardhini kabla ya Jael. Haikuandikwa popote. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama mkwe wake: mama wa boma anafungua, anapanda mistari miwili mitatu kwa mkono wake mwenyewe, kisha anafuata mwana wa kwanza, kisha wa pili, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Mtoto akimpita mama, husemwa kwamba amemzika kabla ya siku zake. Watu wa boma hilo wangeweza kubishana usiku na mchana juu ya kanisa, siasa na mipaka ya mashamba, lakini juu ya jambo hilo hapakuwa na mbishi.

Kwa miaka mingi heshima hiyo haikumsumbua Jael hata kidogo. Mvua zilikuwa na adabu zake. Zilikuja Machi, zikapiga mabati alasiri, zikaondoka jioni, na kesho yake zikarudi. Mtu aliweza kufungua shamba huku akiwaza mambo mengine kabisa. Mvua ya siku hizi haina mwenyewe. Inanyesha Januari watu wakianika mahindi, inatoweka Aprili watu wakiililia, na ikirudi inarudi na mawe.

Mwaka uliopita ndio uliomvunja. Mwishoni mwa Februari ilinyesha mvua nzuri, ya kulowesha mpaka chini. Jael akaona siafu wakihama, akamsikia ndege wa mvua akilia huko bondeni, akachukua jembe akafungua. Wanawe wakafuata kwa zamu zao. Mahindi yakachipuka, yakatoa majani mawili, halafu jua likatoka likatulia pale juu likiyatazama mpaka yakawa makaratasi. Walipopanda tena, mbegu ilikuwa ya kuokoteza na msimu umeshawapita. Krismasi ile boma zima lilikula unga wa dukani. Kwa mkulima wa Lugari, ambako mahindi ndiyo yanayojenga nyumba na kuozesha mabinti, unga wa dukani hubebwa nyumbani ukiwa umefunikwa kwa leso.

Hakuna aliyemlaumu Jael. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana mtu akilaumiwa hujitetea, na akijitetea hupumua.

Basi Machi ya mwaka huu ilipofika, Jael alikaa. Ardhi ilikuwa imelimwa tayari. Mbegu ilikuwa ile ile moja tu, ambayo Wekesa, mwanawe wa kwanza, aliinunua baada ya kuuza dume la mwisho la kulimia. Aliigawa mafungu, akampa mama fungu lake, akachukua lake, na fungu la ndugu yake Makhanu akampa Mildred, mke wa Makhanu, kwa kuwa Makhanu mwenyewe alikuwa fundi wa kujenga huko Kakamega mjini na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi.

"Mayi," Wekesa alimwambia mama yake siku hiyo, "hii ikiharibika hatuna ingine."

Hakukusudia kumtisha. Lakini alimtisha.

Mildred ndiye aliyekuja kwanza, simu mkononi, akasimama mlangoni kwa Jael kwa heshima zote.

"Mayi, wanasema mvua itaanza wiki ijayo. Wanasema tupande kwa vumbi, mbegu ingoje mvua huko chini."

"Hao wanaosema wana shamba hapa Chekalini?"

"Wanaangalianga mawingu, Mayi. Ni kazi yao."

"Hata mimi naangalianga mawingu. Mwaka jana yaliniangalia na yakanicheka." Jael aliendelea kupepeta maharagwe. "Hiyo simu yako sijaiona ikipalilia. Haraka haraka haina baraka, mama."

Mildred aliinamisha kichwa. "Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, Mayi."

Methali zetu zina tabia hiyo mbaya, zinamuunga mkono kila anayeziita.

Ukweli ni kwamba Jael aliogopa. Hakuogopa jua, wala hakuogopa njaa, kwa sababu vyote viwili alivijua tangu utotoni. Aliogopa mkono wake. Wakati mwingine alikaa jikoni akiutazama ule mkono wa kulia, wenye mishipa iliyosimama, akajiuliza kama ndio uliowalaza wajukuu wake na njaa. Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Jael sasa alishtuka kila alipoona wingu.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha. Majirani wakamiminika mashambani na watoto wao. Jael alisimama barazani akaitazama mvua kwa jicho la polisi.

"Hii ni ile ile ya mwaka jana," akasema. "Imebadilisha nguo tu."

Ikanyesha tena, ikapumzika, ikanyesha. Kila asubuhi Wekesa alikuja kumsalimu mama yake. Alikunywa uji, akauliza habari za mgongo wake, kisha akatoka nje akasimama mbele ya ardhi yake iliyolimwa, nyekundu na tupu, mikono mgongoni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mzee wa kanisa, na bado asingeweza kuangusha punje moja kabla ya mama yake. Jael alimwona kupitia dirisha na kila siku alijiambia, kesho. Kesho nikiamka na moyo mzuri.

Moyo mzuri haukuja. Kilichokuja ni kuku kupotea.

Alikuwa kuku wake mwekundu, mwenye tabia ya kutagia kwa watu. Jael alimfuata asubuhi moja mpaka nyuma ya nyumba ya Mildred, akaupita ukuta wa majani ya nepia, akatokea kwenye kile kipande cha chini, karibu na kijito, ambako udongo ni mweusi na watu hawana njia. Hapo akasahau habari ya kuku.

Mahindi yalikuwa yamesimama mistari kwa mistari, ya kijani, yamenyooka, yamepita urefu wa kidole. Jael alijua umri wa mahindi kama anavyojua umri wa watoto wa boma. Haya hayakupandwa mvua ilipoanza. Haya mvua iliyakuta ardhini.

Alikaa chini pale pale kwenye umande. Amenizika, akawaza. Nimemlea mwana, nimempokea mke wake, nimemkanda tumbo alipojifungua, na amenizika nyuma ya nepia. Hasira ilimpanda. Na chini ya hasira, kitu kingine kikawa kinajipenyeza, na alipokitambua aliona haya. Alikuwa amefurahi. Mahindi yalikuwa mazuri, jamani. Kulikuwa na mahindi katika boma lake, na si yeye aliyeyahatarisha.

Mildred alikuja na ndoo kuteka maji. Alipomwona, ndoo ikamtoka mkononi, akapiga magoti.

"Ulinizika lini?" Jael akauliza.

"Sikukuzika, Mayi. Watoto, Mayi. Niliwaza watakula nini tukikosa tena." Alikuwa analia bila sauti. "Ni kipande hiki tu. Mbegu ile ingine iko nyumbani, sijaigusa. Nikasema hapa hakuna mtu anapitanga."

"Makhanu anajua?"

"Hajui."

"Na Wekesa?"

"Wekesa akijua atanirudisha kwetu Matete."

Jael alijua kwamba si maneno ya bure. Wekesa hakuwa mkatili, ila alipenda utaratibu kuliko chakula. Angewaita wajomba na baba wadogo, kondoo angechinjwa, maneno yangesemwa, na tangu siku hiyo Mildred angekuwa yule aliyemzika mama mkwe wake. Jina kama hilo halitoki hata kwa sabuni. Jael alimtazama pale chini, tope magotini, mikono yenye malengelenge, na hasira ikaanza kumpungukia kabla hajaitumia vizuri.

"Simama," akasema. "Leta jembe na karai."

"Mayi?"

"Tunahamisha machache, tunayapeleka kwangu juu. Nitasema nilipanda mapema nikanyamaza. Nikishaonekana nimepanda, Wekesa atapanda leo leo, na wewe utakuwa umenifuata."

Mildred alifuta macho. "Mayi, mahindi hayahamishwangi. Si sukuma wiki."

"Leo yatahama."

Wakayang'oa pamoja na madongoa yake, wakayapanga karaini kama vifaranga, wakapita njia ya nyuma wakichungulia kama wezi. Katikati ya njia Jael alijiona alivyo, mama mzima wa boma, anaiba mahindi kwa mke wa mwanawe akisaidiwa na mwenye mahindi, akaanza kucheka. Mildred naye akashindwa kujizuia. Iliwabidi watue karai. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu msimu ule mbaya, na ilikuwa raha.

Wakayapanda mstari mmoja kwenye ukingo wa shamba la Jael, kando ya njia, mahali ambapo kipofu tu angeyakosa. Kisha Jael akatuma mtu amwite Wekesa.

Sasa, mvua ambayo ilikuwa imenyesha karibu kila siku, siku hiyo iliamua kwenda kunyesha kwa wengine. Jua likatoka kali. Wekesa alikuwa amekwenda sokoni Chekalini, na mpaka arudi ilikuwa alasiri, na mahindi ya Jael yalikuwa yamelala chini yote kama walevi wa Jumamosi.

Wekesa alichuchumaa mbele ya mstari. Akashika mche mmoja, akauvuta kidogo, nao ukatoka wote na dongoa lake bila kubisha. Akauweka kwenye kiganja. Dongoa lilikuwa jeusi. Ardhi yote ya juu ilikuwa nyekundu.

"Mayi, ulipanda lini?"

"Wakati ule."

"Na huu udongo wa kijitoni ulipanda mlima namna gani?"

Wekesa akasimama, akatazama kule chini kwenye nepia, na Mildred alikuwa amesimama pale pale, jembe mkononi, amekauka. Mkulima hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Amepanda mbele yako," Wekesa akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Jael aliiogopa zaidi kwa kuwa ya chini. "Mayi, huyu amekuzika, na wewe unamfichia."

Bado angeweza kukana. Angeweza kusema aliomba mwenyewe miche ya kujaribu, au kwamba hakumbuki, uzee. Wazee husamehewa uongo mwingi. Lakini Jael alimtazama mwanawe aliyekuwa amesimama mbele ya shamba tupu kila asubuhi bila kumsema, akachoka kusamehewa.

"Ndiyo," akasema. "Alipanda mbele yangu. Na leo asubuhi nimekunywa uji, nimefukuza kuku, nimechimba, nimebeba karai. Niangalie, Wekesa. Nimekufa?"

"Mayi, hayo si ya kuchezea."

"Sichezi. Mwaka jana nilifungua mimi, kwa utaratibu wote, mkanifuata wote, tukalala njaa wote. Mwaka huu mvua imekuja na mimi nimewashikilia hapa kama mbuzi waliofungwa kamba. Si kwa sababu najua kitu. Sijui kitu! Naogopa. Naogopa mkono huu." Aliunyosha mbele yake. "Huyu hata yeye aliogopa, lakini alipanda."

Wekesa alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akitamka neno hilo. Hata baba yao alipozikwa, hakulitamka. Alivua kofia yake, akaigeuza geuza mikononi, akatazama mbali kule juu ambako mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika tena, au pengine yanapita tu.

"Na hii ikikatika?" akauliza mwishowe. "Tukipanda leo ikakatika?"

"Ikikatika imekatika. Tutakuwa na kipande cha Mildred."

Wekesa alivuta pumzi ndefu. Akavaa kofia. "Haya, Mayi. Fungua basi, tusipoteze jua."

Jael akaingia ndani, akatoka na beseni la mbegu. Alipita mbele ya Wekesa bila kusimama, akashuka mpaka kwa Mildred, akamnyoshea. Mildred akaficha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

"Siwezi, Mayi. Mbele yako wewe? Mbele ya shemeji?"

"Ulishaweza bila kuambiwa. Sasa unaambiwa."

Mildred akamtazama Wekesa. Wekesa alichukua jembe, akaenda kwenye ukingo wa shamba la mama yake, akapiga shimo la kwanza, akapiga la pili, akaendelea. Mildred akapokea beseni. Akainama, akadondosha punje, akasogea.

Ikabaki kazi ya kufukia. Katika boma hilo, anayefuata nyuma akifukia kwa mguu ni bibi arusi, mgeni zaidi kuliko wote, yule ambaye bado hajaaminiwa mbegu wala jembe. Wekesa alishtuka, akageuka kumtafuta mmoja wa mabinti wa boma aitwe.

Jael alikwisha kuvua kandambili zake. Aliziacha njiani, akaingia mstarini nyuma ya Mildred, akaanza kufukia.