Ushuhuda wa Mama Jumapili ya Kurudi Nyumbani

Mama yangu, Earlene, na mdogo wake Delphine walilala kitanda kimoja utotoni, katika nyumba hii ya matofali, Baltimore Mashariki. Delphine aliolewa na dereva wa treni, akahamia nje ya mji kwenye miti na nyasi. Mama alibaki, nami binti yake nikabaki naye.

Nyumba ya jirani ilikuwa tupu tangu benki iwatoe wenyewe kwa deni. Paa liliporomoka, maji yakapenya ukuta wetu, panya wakahamia jikoni. Ng'ambo ya barabara vijana waliuza unga, na wakigombana walipigana risasi. Kaka yangu Lavelle alikuwa jela. Mchana mama alilea watoto wa Lavelle, jioni akasafisha maofisi. Hata akilala, sikio moja lilikuwa macho. Zahanati ya pale kona, iliyokuwa ikipiga picha za matiti kupima saratani, ilifungwa pakawa duka la pombe.

"Delphine analala mpaka jua limwamshe," alisema huku akisugua sufuria. "Na daktari wake ndiye anayempigia simu! Wangu mimi hata jina langu limemshinda."

"Mama, muache bwana."

"Kwani nimemshika? Nasema tu."

Alipoota uvimbe kwenye titi hakuniambia. Niliugusa mwenyewe nilipokuwa namfunga gauni.

"Usiutaje," alisema. "Ukiutaja umeupokea." Ndivyo tulivyofundishwa kanisani.

Ikafika Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo waliohama mtaa huja kanisani na magari yao na kofia zao mpya. Wakati wa ushuhuda Delphine alisimama. Alisema daktari aliona uvimbe mdogo kwenye picha yake ya kila mwaka, wakaukata, wakampiga mionzi, sasa mzima. Watu walipiga makofi. Mchungaji alimkumbatia.

Mama aliuvuta mkono wangu. "Unamwona? Hata kuugua anaugua vizuri."

Kisha akainuka. "Na mimi nilikuwa nao!" alipaza sauti. "Hakuna kisu kilichonigusa! Bwana ameutoa mwenyewe!"

Kinanda kikalipuka. Akina mama walikimbia kati ya viti wakilia kwa furaha. Makofi aliyopigiwa Delphine hayakufika hata nusu ya yale. Mama alikaa chini uso ukimng'aa, na chini ya gauni uvimbe ulikuwa palepale.

Kuanzia hapo hospitali ikawa haiendeki.

"Twende tu kimya kimya," nilimsihi.

"Kimya kipi? Wilhelmina wa kwaya si yuko pale mapokezi? Kesho kanisa zima litasema Earlene kamsingizia Mungu. Na Delphine atacheka."

Majira ya joto yalipita. Akaanza kulalia upande mmoja.

Jumamosi moja Delphine akaja na bakuli la makaroni ya jibini. Hakukaa. Alisimama mlangoni mwa jikoni na mkoba wake begani.

"Dada, nina neno na wewe. Tangu siku ile sina raha. Mimi nimekatwa, nimechomwa, kovu langu hili hapa. Wewe umeponywa hivi hivi, bure. Tangu tuko wadogo ni wewe tu. Mama alikupenda wewe, kanisa linakupenda wewe, sasa hata Mungu! Nakuonea wivu mpaka nashindwa kusali."

Mama alimtazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikageuka kilio. Akafungua vifungo vya blauzi.

"Njoo basi, mdogo wangu. Njoo uone unachokionea wivu."

Ngozi ya titi ilikuwa imevimba na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Delphine alidondosha mkoba.

Alimpeleka kwa daktari wake mwenyewe. Daktari yule aliuliza mambo mengi: jirani ni nani, nani yuko jela, usingizi ukoje.

"Binti yangu," mama alimwambia, "unapima titi au unapima mtaa?"

"Vyote viwili, mama. Siwezi kusema nyumba ile bovu ndiyo iliyokupa saratani. Ila wanawake wa mitaa kama yenu hutufikia wamechelewa, na mara nyingi uvimbe wao ni mkali zaidi. Hofu ya miaka mingi nayo inauchosha mwili."

Mama akamgeukia Delphine. "Umesikia? Tumenyonya ziwa moja, wewe na mimi."

Delphine akamfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja.

Wakati wa matibabu mama alikaa kwa Delphine. Asubuhi ya kwanza nilimkuta bado kitandani, dirisha wazi, kimya kote.

"Renita," aliniita, "kumbe hivi ndivyo wanavyolala?" Hakukuwa na kinyongo tena katika sauti yake, labda mshangao tu. Alifia kwenye chumba kile kabla ya Krismasi.

Mama mdogo yupo, mzima, na kila mwaka daktari humpigia simu. Ananipenda, ananipikia, na mimi nampenda. Lakini akinikumbatia nahisi kifua chake kikipumua, namwonea wivu, nami hukaa hivyo hivyo mikononi mwake mpaka aniachie yeye.