Mkate wa Benchi la Nyuma

Mzee wa kanisa alimtenga binti yake mwenyewe, tena kwa sauti ile ile anayotangazia harusi. Binti alikuwa na mimba, aliyempa mimba alishaingia mitini, na adhabu haikuwa ngeni: kaa benchi la nyuma, usiguse Meza ya Bwana mpaka utubu mbele ya watu. Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawakumjua mzee huyu.

Shida ilikuwa moja. Mkate wa Meza ulitoka kwenye tanuri la binti huyo huyo. Alikuwa mwokaji, na mkate wake ulimegeka bila kumwaga makombo kwenye kitambaa cheupe. Wazee wakakaa kikao, wakakuna vipara, wakaamua kwamba yeye ametengwa ila mikono yake haijatengwa. Palipo na mkate mtamu, kanuni hujua kupinda. Basi kila Jumapili aliuleta ukiwa na joto, akaukabidhi mlangoni, akaenda zake nyuma. Hata tanurini hakuwahi kuuonja, kwa heshima. Sinia lilipofika benchi lake, baba yake aliliinua juu, kama mtu anayekinga kitoweo na paka, akapita.

Mtoto alizaliwa dhaifu. Aliishi wiki chache katika chumba cha nyuma ya tanuri, penye joto, akafa Alhamisi. Binti alimtuma jirani kwa baba yake. Mzee akajibu kwamba kanisa haliziki mtoto wa aliyetengwa, na babu wa mtoto ni mtu wa kanisa. Jirani ndiye aliyechimba. Binti akakishusha mwenyewe kisanduku cha mtoto, akasali mwenyewe. Jumamosi akakanda unga huku analia, akijifuta kwa kiwiko ili machozi yasiingie kwenye mkate wa watu.

Jumapili hiyo ndiyo aliyopangiwa kutubu. Baba yake alishamwandalia maneno, akamkaririsha mlangoni huku akipokea mkate: nilimwacha Mungu, naye Mungu akaniacha.

"Useme yote mawili," alimwambia. "Ukisema, leo hii unakula mezani."

Na binti aliitamani ile meza kuliko kitu chochote kilichokuwa kimembakia duniani.

Akasimama mbele. "Nilimwacha Mungu," alisema, na alimaanisha.

"Malizia," alisema baba yake.

"Hilo la pili si kweli, baba."

"Mtoto umemzika juzi tu. Unataka ushahidi gani tena kwamba amekuacha?"

Waumini wakaangalia viatu vyao. Midomo ya kumsengenya walikuwa nayo wiki nzima, siku ya kumtetea ikawaishia.

"Niliposhusha kile kisanduku, alikuwepo," alisema binti. "Alinishika, la sivyo ningeingia mle shimoni na mwanangu. Nyinyi ndio sikuwaona. Dhambi zangu nitazisema zote, hata usizozijua. Lakini kumsingizia aliyekuja kunizikia mtoto, hapana."

"Rudi nyuma."

Akarudi. Mzee akaumega mkate. Sinia likapita juu ya kichwa cha binti, na ile harufu aliyoamka nayo alfajiri ikapita nalo. Iliuma. Aliuma mtandio wake ili asitoe sauti.

Baada ya ibada baba yake alimsimamisha nje. "Jumapili ijayo ongeza mkate mmoja, watu wameongezeka. Na pale nyuma utakaa mpaka useme."

"Nitakaa, baba. Sikai peke yangu pale."

Mzee akageuka aondoke. Binti akamwita, akamuuliza kama chumvi ya leo ilitosha, maana alikanda akiwa na msiba na yeye hajauonja.