Shuka la Shemeji Ambindwile

Mwaka ule wa vyama vingi tuliambiwa wakunga wa vijijini lazima tusome. Atakayefaulu apewe sanduku lenye mkasi, glovu na beseni. Atakayefeli asimguse mjamzito tena. Mimi nilikuwa nimezalisha hapa Kinyala miaka thelathini, lakini macho yalishaanza kuniaga, kwa hiyo nikamchukua mkamwana wangu Tulia, mke wa mwanangu Amoni, aje kuirithi kazi. Nikifeli mimi, basi. Tulia akifeli, wajawazito wetu watatembea mpaka Tukuyu kwenye matope ya mwezi wa nne.

Kufika zahanati, mwalimu ni nani? Ambindwile, mdogo wa marehemu mume wangu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Wakikutana njiani mmoja anaingia migombani. Na mdogo wa baba mkwe ni baba mkwe vilevile. Sasa huyo ndiye wa kumfundisha Tulia habari za korodani.

Picha za kuchapa hazikuletwa. Ambindwile alinunua shuka jeupe la mitumba akachora mwenyewe: huku mwanamke, huku mwanamume, wote wamepasuliwa kama papai, hawana vichwa.

Siku nne Tulia alikaa amegeukia dirisha, khanga usoni. Shemeji naye alifundisha akitazama dari.

"Shemeji, mwambie yule wa nyuma kwamba mbegu zinatengenezwa kwenye korodani."

"Amesikia. Khanga imeziba macho, haijaziba masikio."

"Mwambie tu."

Nikamwambia. Kila kitu nilirudia mpaka koo likakauka. Jioni namchorea kwa mkaa sakafuni jikoni, mchoro wangu unatoka kama chura, nafuta, naanza upya.

Ijumaa ukaja mtihani: unasimama mbele ya shuka, unataja viungo kumi kwa fimbo.

"Ovari ziko wapi?" akaniuliza.

"Niletee mtu mzima nikuonyeshe. Huyu umempasua."

"Jibu kwenye picha."

"Sijawahi kuzalisha nusu mtu, shemeji."

Nikapata nne. Zamu ya Tulia, Tulia hakuinuka.

"Asipokuja mbele naandika sifuri," Ambindwile akaiambia dari.

Nilimwona Tulia anafuta machozi kwa pindo la khanga. Nikalitoa shuka ukutani, nikalitundika mlangoni, nikamtoa Tulia nje asimame nyuma yake. Jua lilipiga, picha ikaonekana pande zote mbili.

"Wewe taja," nikamwambia shemeji. "Yeye atasukuma kwa kidole."

"Mji wa mimba."

Shuka likavimba palepale. Mirija, ovari, mlango wa uzazi, hakukosea. Tisa kwa tisa. Kikabaki cha kumi.

"Uume."

Tulia ni mtu wa bidii. Alisukuma kwa kidole chote. Basi kwenye picha kitu kikasimama, mbele ya wakunga wenzetu wanane, kikimtazama baba mkwe usoni. Wanawake walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Ambindwile alitaka kukimbia, lakini mlango ulikuwa mmoja na nyuma ya shuka yupo mkamwana. Akatorokea dirishani. Fomu ya Tulia ikabaki mezani bila sahihi.

Bila sahihi sanduku halitoki. Wiki tatu nilimfuata na fomu mkononi; akiniona anajitosa migombani, kana kwamba mimi ndiye mkamwana. Mwishowe nikamsemesha kupitia majani.

"Shuka lako ninalo. Jumapili nitalianika kwenye njia ya kanisani. Mchoro wako unajulikana."

Mkono ukatokea. Alisaini fomu juu ya shina la mgomba.

Sanduku likaja. Shuka tumelifanya pazia la chumba cha kuzalishia. Tulia yuko ndani na glovu zake, mimi niko nje, natazamana na mwanamume asiye na kichwa. Nikiuliza mtoto amekaaje, najibiwa, "Mama, subiri huko. Wewe huna sanduku."