Mstari wa Maji Ukutani kwa Dada

"Shusha kidogo," Beatus alisema kutoka upande wa pili wa ua. "Hapo hapo. Ngoja yatulie."

Raimundi aliushikilia mpira ukutani. Ulikuwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Ncha moja Beatus alikuwa ameilinganisha na doa la tope lililobaki kwenye matofali ya nyumba ya jirani, Stanislaus. Ncha ya pili ilikuwa hapa, kwenye nyumba ya Theodosia. Maji yakitulia husimama usawa mmoja pande zote mbili. Wanachora kwa penseli, wanahamia nyumba inayofuata.

Kazi hiyo walipewa na mkutano wa mtaa. Mpango mpya wa mji ulikuwa unaandaliwa, maana siku hizi mafuriko hayafuati tena miaka yake, na wakazi wa huku Lipangalala wakaombwa waonyeshe wenyewe maji ya mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Nyumba ambayo maji yalifika dirishani haitakaliwa tena. Mwenyewe atapewa kiwanja upande wa juu. Ambayo hayakufika dirishani itabaki. Raimundi aliona ni utaratibu wa haki. Aliuona hivyo tangu asubuhi, mpaka walipofika kwa dada yake.

Theodosia alikuwa kibarazani, ungo mapajani, akichagua mchele. Shikamoo yao aliipokea bila kuinua uso. Nyumba ile aliijenga chumba kimoja kimoja baada ya kufiwa na mume, kwa mpunga wa shamba lake la Katindiuka, na vyumba viwili vya wapangaji ndivyo vilivyomlisha. Kabla ya Pasaka alikuwa ameipiga lipu na rangi ya bluu. Doa lilikuwa limekwenda na lipu ya zamani. Aliwaambia maji hayakufika dirishani kwake.

"Kumbe yalipiga hodi, mama Levina," Beatus alimtania Theodosia, "yakaambiwa mwenyewe hayupo?"

"Wewe ulikuwa juu ya bati umekumbatia redio. Ungeona nini?"

Walicheka. Raimundi naye alicheka, lakini alikumbuka mlango uliogoma kufunguka kwa uzito wa maji, na jinsi alivyomvuta dada yake kupitia dirisha lile lile na kumweka kwenye mtumbwi.

Maji yakatulia. Vidole viwili juu ya kizingiti cha chini cha dirisha.

Theodosia aliweka ungo chini, akasogea. Zamani, Raimundi alipokuwa anajifunza ujenzi, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia mpira. Hakuhitaji kuelezwa. Alisema kwa sauti ya chini, "Ziba na dole, mdogo wangu. Ni vidole viwili tu."

Ukiziba mdomo wa mpira kwa dole gumba, maji yanakaa unapotaka wewe. Raimundi aliziba, akashusha. Maji yakashuka naye mpaka chini ya dirisha.

"Yametulia?" Beatus aliuliza, macho kwenye doa lake.

Raimundi alikuwa akitazama nyumba ya jirani, ya Yunis, Msukuma aliyehamia mtaani baada ya mafuriko yale. Wanawe walikuwa wakilala chini, kwenye mkeka. Mstari wa Yunis ungepimwa kutoka kwenye huu, na wa jirani yake kutoka kwenye wa Yunis, hivyo hivyo mpaka barabarani. Ukishushwa hapa, ungekuwa umeshushwa kote. Na Yunis, ambaye hakuyaona maji yale, angeuamini na kubaki pale.

Aliondoa dole. Maji yakapanda polepole. Akatoa penseli sikioni, akachora.

Theodosia alikitazama kile kistari. "Kwa hiyo umenitoa nyumbani kwangu."

"Dada, nilikuvuta mimi mwenyewe kwenye hili dirisha."

Theodosia alirudi kwenye ungo wake.

Beatus alisema jua limeshuka, haoni tena maji ndani ya mpira, wataendelea kesho. Mistari ingepakwa rangi mtaa mzima ukishapimwa. Kwa sasa ilikuwa penseli tu, na kitambaa chenye maji kingetosha kuifuta. Raimundi alilijua hilo, na dada yake pia. Aliukunja mpira begani bila kuutazama ukuta.

Theodosia alikuwa ameokota ungo, amefika mlangoni.

"Kwa Yunis mnaanza saa ngapi?"

"Saa mbili, dada."

"Basi mpira nitashika mimi. Wewe shika penseli, nikuone ukichora na huko."

Raimundi hakuweza kujua kama ni hasira au ni kitu kingine. Alisema sawa. Beatus alikuwa ameshatangulia njiani, akihesabu kwa kidole nyumba zilizobaki.