Miruko Kumi ya Tauno Pesonen

Timu ina viti vinne na mimi ni wa tano. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilifanya nilichofanya kwa ajili ya sayansi.

Chama chetu kinaitwa Alastulo, yaani kutua. Tuko watu kumi na mmoja, wa Joensuu, Outokumpu, Oulu na kwingineko, na tunacheza mchezo wa kuruka na skii, zile mbao za kutelezea theluji, kwenye kompyuta. Mchezo huo aliutengeneza mtu mmoja wa Tampere, peke yake, kisha akaacha kujibu barua. Picha zake si nzuri. Kuna kilima cheupe, mtu mwekundu, na upepo. Unateremka, unabonyeza kitufe kimoja ukifika ukingoni, unaelea, unatua. Wasiojua huuliza raha iko wapi. Hatuwajibu.

Jukwaa letu mtandaoni lina vyumba vitatu: cha mchezo, cha skii za kweli, na cha sayansi. Chenye ugomvi ni cha sayansi. Ukitaka kumtuhumu mwenzako, lazima kwanza uweke dhana yako humo, lifanyike jaribio la miruko kumi, kisha wewe uliyetuhumu uandike ripoti na hitimisho lake. Likishaandikwa, ndilo linalofuatwa. Sheria hiyo aliitunga nahodha wetu, Raili Hyvärinen, mwalimu wa kemia ambaye zamani alikuwa mwamuzi wa miruko ya kweli. Tangu aitunge, tuhuma zimepungua, kwa sababu watu ni wavivu wa kuandika.

Mimi, Aatos Kinnunen, si mvivu. Ninasoma fizikia Joensuu, nina miaka ishirini na minne, na kompyuta yangu niliiunda kwa mikono yangu mwenyewe. Wastani wangu msimu huu ulikuwa mita 229.5. Wa mtu wa nne, Tauno Pesonen, ulikuwa 231. Kati yangu na mechi dhidi ya Wanorwe wa Trondheim palikuwa na mita moja na nusu, urefu wa sofa ndogo.

Tauno ni dereva wa treni mstaafu. Anachezea kompyuta aliyoinunua yeye wakati mtoto wake alipoanza shule. Mtoto huyo sasa ana watoto.

Siku moja mwezi wa pili niliangalia rekodi za miruko yake na nikaona kitu. Kompyuta yangu huchora picha mia moja arobaini na nne kwa sekunde. Yake huchora ishirini na nne, ikiwa imeamka vizuri. Na mchezo wetu hupiga hesabu ya kuanguka picha kwa picha. Maana yake ni kwamba kati ya picha moja na nyingine, mrukaji wa Tauno anasonga mbele kama vile dunia imesahau kumvuta. Nilipunguza mwendo wa kompyuta yangu hadi picha ishirini na nne, nikamwacha mrukaji ateleze bila kugusa kitufe. Akaenda mbali zaidi kwa mita 3.4. Nikarudia mara hamsini. Mita 3.4.

Nikaweka dhana chumba cha sayansi saa nne asubuhi. Saa nne na dakika tatu, Eelis, daktari wa meno wa Oulu ambaye ni wa kwanza katika timu na hajawahi kulisahau hilo, alinipigia.

"Wewe dogo, umemshtaki mzee wa watu?"

"Nimeishtaki mashine."

"Mashine haina kiti. Mzee ndiye mwenye kiti."

"Basi kijaribiwe."

"Hee! Mtu akishindwa kuruka, anaanza kupima." Nilisikia mgonjwa akiguna nyuma yake. "Fungua mdomo zaidi, mama. Si wewe, Aatos. Wewe funga."

Tauno mwenyewe aliandika sentensi moja tu: *Inawezekana kabisa, nije na mashine lini?*

Jaribio lilifanyika Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya mechi, katika maabara ya kemia ya shule anayofundisha Mwalimu Raili, huko Outokumpu. Niliipeleka kompyuta yangu kwa basi, nimeifunga ndani ya blanketi langu na kuikalisha dirishani. Tauno alikuja na yake kwenye kigari cha kusukuma juu ya theluji, akiwa ameifunga kamba za viatu.

Mwalimu alitupa miwani ya maabara.

"Mwalimu, hakuna kemikali hapa," nikasema.

"Hapa ni maabara," akasema.

Tukavaa. Tauno alivaa yake juu ya miwani yake ya kusomea. Eelis alikuwa hewani kutoka Oulu kupitia spika iliyowekwa kwenye sinki, ambako sauti yake ilivuma vizuri.

Nilianza mimi, kwenye mashine ya Tauno. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba nitapata kama mita 233. Nikateremka, nikafika ukingoni, nikabonyeza kitufe. Mrukaji akaendelea kuteremka. Akapita ukingo akiwa amechuchumaa, ndipo akakumbuka kuruka. Akaanguka kwa kichwa.

"Amekwenda kuchuma uyoga," sinki likasema.

Mruko wa pili, hivyo hivyo. Kati ya miruko kumi nilianguka saba. Mitatu iliyobaki ilikuwa 174, 169 na 177. Mashine ile huchelewa kukusikia. Ukiiambia ruka, inafikiri kwanza.

"Mzee Tauno, unawezaje hii?" Mwalimu akauliza.

"Nabonyeza kabla," Tauno akasema.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kufika." Akaona hatujaelewa. "Treni ya mizigo, mwalimu, ukiiona stesheni ndipo ukashika breki, umeshapita. Unashika breki ukiwa bado huoni kitu. Ni kazi ya kawaida."

Niliandika: *kuchelewa kwa mashine, kama robo sekunde*. Dhana yangu ilikuwa sahihi: mashine ile ilimpa mita 3.4. Sikuwa nimeandika ilichomnyang'anya.

Kisha Tauno akakaa kwenye kompyuta yangu. Aliitazama feni yenye taa za buluu, akauliza kama taa ni za lazima. Nikamwambia zinasaidia. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Mruko wa kwanza aliruka mapema mno, akatua 181. Wa pili 188. Wa tatu 197. Eelis alianza kuimba polepole wimbo wa mazishi, Mwalimu akalifungulia sinki maji kidogo, Eelis akanyamaza.

Wa nne 204. Wa tano 212. Wa sita 219. Tauno hakulalamika. Baada ya kila mruko aliweka kidole mezani, akakisogeza kidogo kulia, kama mtu anayetafuta mahali pa kupigilia msumari.

Wa saba 226. Wa nane 233.

Hapo nilivua miwani. Mwalimu akanitazama. Nikavaa tena.

Wa tisa 236. Wa kumi 238.5.

"Mashine nzuri hii," Tauno akasema. "Inasikia."

Mwalimu akajumlisha ubaoni kwa chaki, hatua kwa hatua, kama anavyowataka wanafunzi wake wafanye. Wastani wa Tauno kwenye mashine isiyompendelea: 213.45. Wangu kwenye mashine hiyo hiyo ulikuwa 229.5. Sheria ya chama inasema mwenye wastani mkubwa ndiye mwenye kiti. Haisemi kitu kuhusu mruko wa kumi.

"Basi kijana ameshinda," Tauno akasema. Alisimama, akaanza kufunga zile kamba za viatu kwenye mashine yake. "Wastani ni wastani. Hongera, bwana mdogo. Kesho mtazame upepo wa kushoto, Wanorwe wanaupenda."

"Subiri, mzee," Mwalimu akasema. "Ripoti haijaandikwa. Anayeandika ni Aatos, na hitimisho ni lake. Ana saa moja."

Wakaenda kunywa kahawa katika chumba cha walimu, wakaniacha na karatasi. Spika nayo Mwalimu aliizima, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Ningeweza kuandika 213.45 na kuweka nukta. Ungekuwa ukweli, tena wenye sehemu mbili za desimali. Asingenipinga mtu, hata Eelis, kwa sababu namba ilikuwa ubaoni kwa mkono wa Mwalimu mwenyewe. Kiti ningekipata kwa haki, na mama yangu wa mjini Lieksa, ambaye huwa haulizi kuhusu mchezo huu, ningempigia nikamwambia.

Lakini mimi ni mwanafizikia. Nilichora miruko kumi kwa mpangilio wake, nukta kumi. Mtoto wa darasa la nne angeweka rula juu yake na kukuonyesha inaelekea wapi. Mtu anayechukua mstari unaopanda na kuupiga wastani ili mwenzake aonekane yuko chini, nina jina langu la kumwita, na sikuwa tayari kulitumia mbele ya kioo.

Niliandika hivi: *Dhana imethibitishwa. Mashine ya zamani inaongeza mita 3.4. Wastani wa T. Pesonen kwenye mashine mpya ni 213.45, nao hauna maana yoyote, kwa sababu mrukaji alikuwa bado anajifunza. Tazama grafu. Hitimisho: mashine ya zamani isitumike katika mechi. T. Pesonen abaki na kiti, atumie kompyuta ya A. Kinnunen.*

Sentensi ya mwisho niliifuta mara mbili. Mara ya tatu niliiacha.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, kikombe mkononi. "Hukuweka tarehe," akasema. Nikaweka tarehe. Tauno aliisoma polepole, akaikunja, kisha akauliza kama kesho anaruhusiwa kuzima zile taa.

"Hapana," nikasema.

Jumapili saa sita mchana, katika maabara ile ile, nilikaa nyuma ya kiti cha Tauno, kwa sababu kompyuta ni yangu na siiachi na mtu. Tulivaa miwani. Eelis aliruka vizuri, akatuambia kwamba ameruka vizuri. Wanorwe nao waliruka vizuri, na hawakutuambia. Ukabaki mruko mmoja, wa Tauno. Tulihitaji 237.

Mtu mwekundu akaanza kuteremka. Upepo ulikuwa wa kushoto. Kidole changu cha shahada kilikuwa juu ya goti langu, na sikukiagiza kitu, lakini ukingo ulipokaribia kilijikaza chenyewe, kikabonyeza goti kwa nguvu zote, mahali hasa ambapo mimi ningeruka.

Wakati huo Tauno alikuwa hewani tayari.

Alitua 239.5, miguu imeachana vizuri kama inavyotakiwa. Eelis alipiga yowe hadi maji yakatikisika kwenye sinki. Mwalimu Raili aliandika namba ubaoni, akaipigia mstari mmoja. Mimi nilikuwa bado nimebonyeza goti. Hilo la goti halimo kwenye ripoti. Hakuna aliyeniuliza.