Picha ya Mabati

Siku mpiga picha alipokuja mtaani kwetu kutafuta dhiki, aliikuta imeoga, imejipaka mafuta na kufunga tai.

Kosa lilikuwa langu. Shirika la misaada lilisema vibanda ambavyo picha zake zitawagusa wafadhili ndivyo vitakavyopata mabati kabla ya mvua, nami, mdomo wangu usio na breki, nikaitangazia safu nzima kwamba kesho tunapigwa picha. Sasa mtu akiambiwa picha, afanyeje? Watu tunaoishi chini ya maturubai tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa tulifukua masanduku. Jirani yetu Kinyozi alivaa suti ya harusi yake, vifungo vikagoma. Hicho kitambi alikipatia wapi katika njaa hii, Mungu ndiye ajuaye. Mama, aliyeshona mashati ya watu kiwandani miaka kumi na tisa, alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, akaketi mlangoni juu ya kreti, mgongo wima kama hakimu.

Mpiga picha alinivuta kando. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa amechoka tu. Akanieleza kwa upole kwamba kwa picha hizi hataguswa mtu. Mama abadilishe nguo, avue viatu, atazame chini. Dakika mbili tu.

Nikalitazama paa letu la nailoni, ambalo matundu yake nilishayabatiza majina ya shangazi zangu, kwa kuwa nayo hayanyamazi. Mvua za mwaka jana zilimlaza Mama kwa kichomi wiki tatu. Utani ukanikauka. Nikaingia ndani, nikatoka na fulana iliyochakaa, nikamkabidhi Mama na kumweleza.

Aliikagua mshono kwa mshono, kama alivyozoea kazini.

"Mwanangu, hii si ya kupigia deki?"

"Ndiyo, Mama. Ni kwa ajili ya mabati tu."

"Na mabati yakishapigwa, atalala nani chini yake? Mimi, au huyo wa kwenye picha?"

Kumbe mvua ilimlaza Mama, lakini haikuwahi kumwinamisha. Kazi hiyo nilikuwa nimekuja kuifanya mimi, binti yake.

Nikaichukua fulana, nikapiga magoti, nikampangusa nayo vumbi la viatu. Kisha nikamwambia mpiga picha apige hivyohivyo.

Akatikisa kichwa. Alisema anawajua wakubwa zake, picha hizi watazikataa.

"Wapelekee, baba," Mama alimwambia. "Wakikataa, wakatae wao. Wewe usiwasaidie."

Mpiga picha akainua kamera. Kinyozi akavuta kitambi ndani. Mimi nikasimama nyuma ya Mama, mkono begani kwake. Kwa mbali ngurumo ikapita, nailoni zikatikisika safu nzima, na hakuna aliyetazama juu wala chini.