Msonobari wa Mzee Nukaga

Wadudu wa theluji walianza kuonekana siku ile tuliyokuwa tukitoa maji kwenye mabomba ya uwanja wa gofu. Ni wadudu wadogo wenye pamba nyeupe mgongoni. Wanaelea tu kama majivu, na ukifungua mdomo kuzungumza unammeza mmoja. Wakitokea hao, theluji haiko mbali. Mkuu wetu wa nyasi, Bwana Tsukidate, aliona mmoja ametua kwenye mkono wa koti lake. Aligeuka akatazama upande wa shimo la saba, kisha akarudi kwenye mashine yake ya kusukuma upepo ndani ya mabomba.

Mimi ni mbeba fimbo. Tangu theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapopukutika, nawafuata wachezaji na mikoba yao, nawaambia upepo unatoka wapi, na wakikosa nawafariji. Uwanja ukishafungwa, sisi akina mama tunaotaka kazi zaidi hubaki kidogo kuulaza. Tunang'oa bendera, tunakusanya reki za mchanga, tunafunga miti michanga kwa kamba za mabua ya mpunga isije ikavunjwa na uzito wa theluji, na mwisho tunafunika grini, zile nyasi fupi kama zulia penye shimo. Grini ndizo zinazougua. Chini ya theluji huota ukungu, nao unakula kimya kimya wakati wote wa baridi huku sisi tuko nyumbani tunakula viazi. Dawa yake hupulizwa theluji ya kudumu ikiwa mlangoni. Ukiwahi, mvua inaiosha. Ukichelewa, unatibu theluji.

Grini ya saba ilikuwa ikiamka ya kahawia kila mwaka tangu zamani nisizoweza kuzikumbuka. Dawa ilipata kama wenzake, ila jua haikulipata. Upande wa mashariki ulisimama msonobari mkubwa, na kuanzia majani yanapogeuka rangi kivuli chake kililala juu ya grini asubuhi nzima kama ng'ombe aliyegoma kuamka. Nyasi hazikauki pale, barafu haiyeyuki, na ukungu unajiona uko kwao. Mwezi wa tano mwenyekiti wa klabu, Bwana Hiraga, alisimama mbele ya lile baka akiwa na mikono nyuma. Alimwambia Bwana Tsukidate kwa upole mwingi kwamba likionekana tena mwakani, pengine ingefaa kampuni ya jijini Sapporo ishike nyasi, naye apumzike. Kwetu mtu hafukuzwi. Huombwa apumzike.

Kuukata ule mti ilikuwa kazi ya nusu siku. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa Mzee Nukaga.

Mtu akitia mpira shimoni kwa pigo moja, kwetu furaha ni ya wenzake na gharama ni yake. Anawafanyia karamu, anawagawia zawadi, na anapanda mti uwanjani wa ukumbusho. Ndiyo maana wenye busara wanakata bima dhidi ya bahati yao wenyewe. Mzee Nukaga, aliyekuwa na kiwanda cha mchuzi wa soya, hakuwa na bima siku alipolipiga shimo la saba kwa pigo moja. Alifanya karamu ambayo watu bado wanaitaja, akagawa taulo zenye jina lake, na moja ninayo hadi leo, nafutia fimbo. Kisha akapanda msonobari uliomfika kiunoni. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya theluji, alikuja na ngazi, kamba na chupa ya pombe ya mchele, akaufunga mti wake mwenyewe. Mti uliponenepa kuliko pipa aliendelea kuufunga, ingawa theluji ya nchi nzima isingeutikisa. Sisi tulishika ngazi na kutazama pembeni.

Sasa, jambo kama hilo haliingizwi kwenye mkutano hivi hivi. Mkutano kwetu ni wa kunywa chai. Mambo yenyewe yanamalizwa kabla, mlango kwa mlango, na mtu anayesikia jambo jipya mkutanini huona amedharauliwa. Kwa hiyo tangu joto la mwezi wa nane Bwana Tsukidate alivaa tai, akanunua keki za maharage, akawa anazunguka kwa wajumbe wa kamati baada ya kazi. Aliniomba niandamane naye kwa kuwa nimembebea Mzee Nukaga fimbo muda mrefu, na kwa kuwa yeye akivaa tai hupoteza sauti.

Kila mjumbe alitusikiliza mpaka mwisho. Kila mmoja alivuta hewa kwa meno na kusema ni jambo gumu. Kila mmoja akaongeza kwamba kama wengine wamekubali, yeye hatakuwa kikwazo. Bwana Hiraga ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Alikula keki mbili na kusema mti lazima uondoke, hilo halina mjadala, na bila shaka Mzee ameshaambiwa. Bwana Tsukidate alinitazama. Mimi nikatazama keki.

Tulipotoka nje nilimuuliza nani amemwambia Mzee. Alisema alidhani mjumbe wa kwanza, yule daktari wa meno, angemdokeza. Nilipompigia daktari wa meno, alisema alidhani ni kazi ya mwenyekiti. Hapo ndipo niliposhtuka. Kamati nzima ilikuwa imekubali kuukata mti, na mwenye mti alikuwa nyumbani kwake anasuka kamba.

"Dada Orito," Bwana Tsukidate akasema, "wewe anakupenda."

"Anapenda nikimwambia mpira wake haujapotea, Mkuu. Hii ni habari nyingine."

"Basi mwambie kama mpira uliopotea. Polepole."

Nilikwenda. Mzee alinikaribisha chai, na mkewe akaleta figili za kachumbari. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, lakini huwezi kumwendea mtu wa miaka themanini na zaidi ukiwa na msumeno mkononi. Nikaanza na sifa. Nikasema mti wake umekuwa mkubwa mno, asubuhi jua lenyewe haliwezi kufika kwenye grini kabla ya kuuomba ruhusa. Akatabasamu. Nikasema Mkuu wa nyasi anaufikiria mti huo mchana na usiku, mpaka amekonda. Mzee akaweka kikombe chini, macho yamemlowa kidogo. Mwisho nikajikaza, nikasema pale ulipo, peke yake namna ile, huenda si mahali pake tena.

Akageuka akatazama nje dirishani.

"Peke yake," akasema. "Kweli. Sikuwahi kulifikiria. Nimeelewa, Bi Orito. Niachieni mimi, nitakuja na watu wangu."

Nilirudi nikiwa mwepesi kama mdudu wa theluji. Nilimwambia Bwana Tsukidate kwamba Mzee ameelewa na ataleta watu wake mwenyewe. Habari ikaenda kwa wajumbe wote kabla ya chakula cha jioni, na daktari wa meno akanitumia dawa ya meno kwa shukrani.

Basi tukasubiri. Tulifunga miti michanga, tukatandaza mchanga, tukafunika grini moja baada ya nyingine, tukaiacha ya saba. Asubuhi zikawa na jalidi, ule umande ulioganda. Ardhi ilianza kugonga kama jiwe chini ya koleo, na asubuhi moja redio ikasema theluji ya kudumu ingeweza kushuka kesho yake. Bwana Tsukidate alikuwa na dawa tayari kwenye pipa, lakini pale kwenye kivuli nyasi zilikuwa na barafu mpaka saa sita mchana, na dawa haishiki kwenye barafu.

Asubuhi hiyo hiyo lori likaingia. Bwana Hiraga alikuwa amekuja na kamera kushuhudia. Mzee Nukaga aliteremka kwenye kiti cha mbele akiwa na kofia ya manyoya, na nyuma yake wakashuka vijana wawili wenye makoleo. Nilitafuta msumeno kwa macho. Sikuuona. Nilichoona ni mti. Msonobari mpya, mrefu kuliko mimi, mizizi yake imefungwa gunia vizuri kama mtoto wakati wa baridi.

"Mwenzake," Mzee akasema. "Ulikuwa mpweke. Bi Orito alinifungua macho."

Bwana Hiraga alikuwa wa kwanza kupata ulimi.

"Mti mzuri sana," akasema, akaupiga picha.

Mzee alizunguka grini kwa hatua za taratibu akitafuta mahali. Akachagua. Lilikuwa pengo pekee ambamo jua la asubuhi lilikuwa bado linapenya. Vijana wakaweka makoleo chini, mmoja akatemea mate viganjani.

Nilimtazama Bwana Tsukidate. Hakuwa amevaa tai siku hiyo. Alikuwa na buti zenye matope na koti lenye harufu ya dawa, na pengine ndiyo sababu sauti yake ilikuwepo. Alivua kofia, akapiga magoti kwenye zile nyasi zenye barafu, akainama mpaka paji la uso likagusa chini.

"Mzee, nisamehe. Mti wako unaniulia grini. Ukiupanda na huu, mwakani sitakuwepo kuutazama."

Nikasikia kunguru mahali fulani juu. Bwana Hiraga alikuwa ameanza kuchunguza kamera yake kana kwamba imeharibika.

"Tangu lini?" Mzee akauliza.

"Miaka mingi, Mzee."

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Tumekuwa tukikwambia tangu mwezi wa nane," nikasema.

Akanigeukia. "Bi Orito, ile siku ya chai, hilo ndilo ulilokuja kusema? Mimi nilidhani umekuja kuusifu."

"Nilianza kwa kuusifu, Mzee. Kisha nikakosa mlango wa kutokea."

Alimwamuru Bwana Tsukidate ainuke, akisema kijana asikae kwenye baridi, atapata mafua. Kijana mwenyewe alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Halafu Mzee akasogea akashika gome la msonobari wake, na kwa muda sikujua kama amekasirika au la. Aliposema, alikuwa akizungumza na mti zaidi kuliko na sisi.

Alisema magoti yake yamekufa tangu miaka kadhaa iliyopita. Kila mwaka akishapanda ngazi ile, mkewe humkanda kwa mafuta mpaka mwaka mpya. Aliwahi kutaka kuacha, lakini Bwana Hiraga alimwambia klabu nzima ingehuzunika, watu wanaisubiri siku ya kufunga mti kama sikukuu.

Sote tukamtazama Bwana Hiraga. Naye akatazama mawingu.

"Isitoshe," Mzee akasema, "tangu ulipokuwa mrefu sijawahi kuifikia hii grini. Kila mpira wangu unaingia humo ndani. Nimenyamaza kwa sababu ni mti wangu. Mtu atalalamikaje juu ya mtoto wake?"

Kisha akaomba tumwachie nafasi. Alifungua chupa ya pombe ya mchele, akamwaga kuzunguka shina, akanyunyiza chumvi ya utakaso niliyokimbia kumletea kutoka jikoni, akainama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipoinuka alikuwa anafuta pua, na ni mimi niliyempa taulo. Aliitazama, akaona jina lake mwenyewe, akafuta tu.

"Haya," akasema. "Kabla sijabadili mawazo."

Bwana Tsukidate alileta msumeno wa mashine haraka kiasi kwamba nadhani ulikuwa umejazwa mafuta tangu kiangazi. Mti ulianguka upande wa msitu, mahali alipoulenga. Ulipogonga chini, kiota cha kunguru kikapasuka, kiota chenyewe kimesukwa kwa vitundikio vya nguo vya waya. Ndani yake mipira ya gofu ikatoka ikaviringika kila upande kama mbaazi kutoka kwenye gunia lililotoboka. Mingine ilikuwa imebanwa kwenye matawi. Karibu yote ilikuwa na nukta nyekundu, alama ya Mzee Nukaga. Mzee alichukua mmoja, akaufuta kwenye koti.

"Huu uliniambia umeenda majini, Bi Orito."

"Nilikuwa nakufariji, Mzee."

Kufikia saa nne jua lilikuwa limelala juu ya grini yote. Nyasi zilitoa mvuke. Bwana Tsukidate alisubiri zikauke huku anazungukazunguka kama baba nje ya chumba cha kujifungulia, kisha akapuliza dawa mstari kwa mstari. Tukavuta turubai sote, Mzee akishika pembe moja na Bwana Hiraga nyingine. Wale vijana wawili walibaki na mti mpya ambao hakuna aliyetaka kusema uende wapi. Mzee ndiye aliyeamua. Ulipandwa kwenye maegesho ya magari, karibu na nafasi ya mwenyekiti, na Bwana Hiraga akaufunga kamba mwenyewe, vibaya. Jioni theluji ikashuka, na haikuondoka.

Mwezi wa tano tulifunua grini ya saba mwishoni kabisa. Bwana Tsukidate alisema tuanze na nyingine, lakini nadhani alikuwa anaogopa. Tulipovuta turubai alikuwa amegeuza uso. Nilimwambia atazame. Ilikuwa ya kijani. Si zulia, kulikuwa na vidoa viwili vitatu pembeni, lakini ilikuwa ya kijani. Alichuchumaa akaipapasa kwa kiganja, akasema tu kwamba itahitaji mchanga kidogo upande wa kushoto. Bwana Hiraga alipita baadaye, akasimama na mikono nyuma, akasema hivyo ndivyo grini inavyopaswa kuwa. Neno la kupumzika halikusemwa tena.

Siku ya kufungua uwanja nilimbebea Mzee Nukaga. Pale shimo la saba njia ilikuwa wazi mpaka kwenye bendera, hakuna tawi, hakuna kunguru. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Akapiga. Mpira ulikwenda kushoto, ukapita grini, ukaanguka kwenye bwawa mbele ya macho yetu sote, na hata mimi sikuweza kusema vinginevyo.

Mzee alitazama mahali ulipokuwa mti, kisha akanitazama.

"Sasa nitamlaumu nani?"

Nikamwambia upepo ulikuwa mkali, ingawa bendera ilikuwa imelala.